Pozi la Mshenga

Jumatano, 10 Septemba 2003

Umeme haujakatika tangu asubuhi — maajabu! Mpangilio wa onyesho la posa umekamilika: sebule, makochi, stuli ya mshenga, mlango anakotokea binti. Bwana Polikarp, mkuu wetu ofisini, anataka katuni hii ya kupima damu kabla ya ndoa iishe mwezi huu. Mimi nachora watu walivyokaa na walivyosimama. Dastan anawaingiza kwenye komputa na kuwatembeza.

Siwezi kuchora pozi la kubuni. Lazima nimwone mtu. Leo Dastan kamleta baba yake mdogo, mzee Hironimus, awe mshenga. Maskini, kaingia na kofia kichwani! Nikamwambia: vua kofia mlangoni, mzee. Bahasha kwa mikono miwili. Habari za safari kwanza, barua baadaye. Akarudia mara nne, jasho linamtoka. Nikamwonyesha hata anavyopenda baba yangu, mgeni akae kwanza, asiharakishe. Dastan anapiga picha, anatabasamu peke yake.

Miaka minne namsubiri mwanaume huyu. Leo nimeelewa. Wanajifunzia kwangu ili wakija kwetu Bombambili wasiaibike! Watakuja Jumamosi, bila shaka.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemwomba mama afue vitambaa vya makochi. Hakuuliza kwa nini. Kacheka tu.

Jumapili, 14 Septemba

Jana hawakuja.

Leo baada ya misa shangazi Theodosia kanivuta pembeni. Jana alikuwa Maposeni kwa shemeji yake. Nyumba ya jirani wameletewa barua ya posa, ya binti yao Noela, yule mwalimu. Mshenga mpaka wanamsifu, anasema shangazi. Kofia kaivua mlangoni. Bahasha kwa mikono miwili. Habari za safari kwanza.

Nikauliza mshenga nani. Hironimus. Katumwa na nani? Shangazi akaniangalia, akaanza kulia yeye kabla yangu.

Ni mimi niliyemfundisha! Mimi! Nimelia hadi kichwa kinagonga. Mama kavitoa vitambaa kwenye makochi, kavikunja, kavirudisha sandukuni.

Jumatatu, 15 Septemba

Sikwenda kazini. Nimesema malaria.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimerudi, ningefanyaje. Dastan kaniambia wazazi ndio walioamua, tutazungumza siku nyingine. Siku gani? Harusi ikishapita? Bado nampenda, na hilo ndilo linalonitia hasira.

Limebaki pozi moja. Binti anaitwa sebuleni, anaulizwa mbele ya wageni: unawafahamu hawa? Barua tuipokee? Polikarp hajui lolote. Kasema msichana ofisini ni mmoja, Leticia, kaa wewe. Yeye ndiye baba wa binti kwenye onyesho. Mzee Hironimus kaitwa tena. Dastan yuko nyuma ya kamera.

Tumeanza. Nikainamisha kichwa. Dastan akasema kwa sauti ya chini, inua macho kidogo, Leticia. Kisha betri zikaisha! Kaenda dukani, nami naandika hapa pembeni.

Mzee kofia kaivua mwenyewe leo. Bahasha iko mapajani mwake, ni ile niliyoikunja mimi, ndani hamna kitu. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Akaitikia marahaba huku anatazama sakafu. Kisha taratibu, Polikarp asisikie: "Mwanangu, mimi nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana unanifundisha kwa moyo vile."

Nimeinamia daftari hili.

Dastan karudi. Anatia betri. Polikarp anasoma karatasi ya mpangilio kwa sauti, tusikosee. Mwandiko ni wangu, wa wiki iliyopita: BINTI ANATAZAMA WAGENI. ANATABASAMU. ANAITIKIA NDIYO.

Polikarp anasema haya, mwanangu, njoo ukae. Barua tuipokee, tusiipokee? Wote watatu wananitazama, na Dastan kainua kamera —