Kaa wa Mtoni na Kaa wa Ziwani ni Ukoo Mmoja

Mdogo wangu Leokadia,

Salamu kutoka Sumbawanga, ambako baridi inauma masikio na ugali wa ulezi ndio dawa.

Leo nimeshuka kijitoni Mollo na Shangazi Petronila. Aliinua jiwe, akakamata kaa, akamgeuza tumbo juu. Chini ya mkia uliokunjwa walijaa watoto, kaa kamili wadogo kama punje za mtama. "Mzazi haliwi," akasema, akamrudisha majini.

Nikaanza kumfundisha kwamba kaa bapa wa Ziwa Tanganyika ni familia nyingine kabisa, kama nilivyoandika kwenye kijitabu cha shule kilichoko kwa mchapaji.

"Nimekaa Kasanga, kule ziwani, kwa mume wangu miaka ishirini, hao nao nimewageuza sana," akanijibu. "Wanabeba watoto hivi hivi. Ubapa ni wa kujibana kwenye mawe. Wewe ulivyonenepa hivyo, umehama ukoo wetu?"

Nilifungua simu nikasoma maandishi mapya ya wataalamu. Ile familia ya ziwani wameshaifuta, wote sasa ni Potamonautidae, familia moja na kaa wa mtoni. Mimi ninayewasema wenzangu kwa uvivu nilikuwa nimenakili kitabu kilichopitwa na wakati.

Nimempigia mchapaji asubiri. Ukurasa ule nauandika upya, na jina la Shangazi litatangulia langu. Asiyetaka kufundishwa na mama wa Mollo anifuate tubishane.

Wakumbatie watoto kwa niaba yangu. Waambie wana bibi msomi.

Kaka yako,
Deogratias