Tarumbeta Ilikuwa ya Baba

Dada,

Chai iko kwenye chupa. Baba hajaigusa, amejifungia chumbani, na kosa ni langu. Leo gazetini nimependekeza albamu tatu: ya kwaya, ya rapu, na ile ya bendi yake ya zamani iliyotolewa upya. Niliamini majina ya kwenye jalada, nikamsifia mtu mwingine kwa tarumbeta aliyopiga Baba. Akasoma, akasema, “Kumbe miaka yote nilikuwa nawapulizia viziwi.”

Nakimbilia kwa mhariri nikampigie magoti asahihishe. Akikataa, sijui nitarudi na uso gani.

~~Ifiche ile albamu.~~ Hapana. Ipige karibu na mlango wake, wimbo wa tatu, ule wenye tarumbeta yake, sauti juu. Akifoka, tafadhali usizime. Heri afoke kuliko kimya hiki.

Mdogo wako