Ufa Uliokuwa Chini ya Stika ya Nyota

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Fundi Mizani
Umri: Miaka 61
Kazi: Fundi wa baiskeli, mwaka wa thelathini na nne sasa
Makazi: Chumba cha nyuma ya karakana yake, mkabala na mashine ya kusaga
Yameandikwa: Kaunta ya kituo cha polisi, Jumamosi tarehe 14, kuanzia saa saba na nusu mchana

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Jina la Mizani nimepewa na wateja, kwa sababu nikiinua baiskeli kwa vidole viwili nakuambia inafaa kununuliwa kwa kiasi gani, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hushindwa kubisha. Sisemi haya kujisifu. Haya, najisifu kidogo, lakini koplo anayeniandikia ameniambia nieleze ninavyoijua kazi hii, na ndivyo ninavyoijua.

Mnamo tarehe 14, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nilifika na binti yangu kwenye yadi ya muuza baiskeli za mitumba, ile yenye geti la kijani. Binti yangu ana miaka ishirini na miwili. Anafanya kazi kwenye duka la vigae, na Jumapili ijayo ana mashindano ya kuchagua timu ya waendesha baiskeli. Baiskeli aliyokuwa akifanyia mazoezi ni ya klabu na imeshachukuliwa, kwa hiyo ilikuwa lazima apate yake wiki hii. Akiba ni yake mwenyewe. Mimi nilikwenda kumsaidia kuchagua.

Muuzaji alitutolea baiskeli mbili za mbio zinazomfaa kwa urefu. Moja ilikuwa ya buluu, fremu ya kaboni, nyepesi na inang'aa. Nyingine ilikuwa ya kijivu, fremu ya chuma, rangi imebanduka, kiti kimechanika. Ya buluu aliitajia bei mara mbili ya ile ya kijivu.

Nilianza na ya buluu. Nina utaratibu wangu: kwanza naipindua baiskeli, kiti na usukani chini, magurudumu juu. Nilipima mnyororo kwa rula, haukuwa umevutika. Nilitazama meno ya gia, hayakuwa yamechongoka. Nilizungusha magurudumu, rimu hazikucheza hata kidogo. Nilizungusha pedali nikiwa nimefumba macho ili nisikilize gololi, nazo zilikuwa kimya. Kisha nikasema kwa sauti, mbele ya muuzaji na wateja watatu, "Hii ni nzima. Mwanangu, lipa twende." Wateja wakatikisa vichwa kukubali. Nakiri nilipenda walivyonitazama. Nilipenda pia kumwona binti yangu na baiskeli ya buluu, watu wajue kwamba mtoto wa fundi naye anaweza kuendesha kitu cha maana.

Binti yangu alisema, "Subiri kidogo, Baba." Akaisimamisha baiskeli juu ya magurudumu yake. Katika bomba la juu la fremu, lile linalotoka kwenye usukani kwenda kwenye kiti, kulikuwa na stika ya nyota. Akamuuliza muuzaji, "Kaka, hii nyota ni ya kampuni?"

Muuzaji akajibu, "Pambo tu hilo, dada."

"Pambo mbona liko moja, tena limekaa upandeupande?"

Akatoa sarafu mfukoni, akaanza kugonga bomba lile taratibu kuanzia kwenye usukani. Ko, ko, ko. Alipofika kwenye stika, sauti ikafifia. Akarudia, ikafifia palepale. Nilimwambia, "Mama, usinitie aibu mbele za watu. Baba yako ameshaipima." Hilo nililisema mimi, liandikwe.

Akanijibu kwa upole, "Baba, kigae kikiwa na ufa kinalia hivihivi. Dukani nagonga mia tatu kwa siku."

Akaanza kuibandua stika kwa ukucha. Muuzaji alisema, "Usiguse!" wakati stika imeshatoka nusu. Siwezi kusema alimruhusu, maana hakumruhusu. Chini ya stika kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole gumba, umejazwa gundi na kupakwa buluu isiyofanana na ile nyingine.

Hapa naomba koplo asifupishe. Ufa wa mahali pale hutokea baiskeli ikianguka, usukani ukageuka ghafla na kulipiga bomba. Ukiipindua baiskeli kama ninavyofanya mimi, sehemu ile inatazama sakafu. Nimekulia kwenye baiskeli za chuma. Chuma kikiumia kinapinda, unakiona hata ukiwa mbali. Kaboni haipindi. Inakatika mara moja, na ingekatika mwanangu akiwa anateremka mlima kwa kasi.

Muuzaji alipaza sauti, "Umenipasulia fremu kwa sarafu yako! Fundi mwenyewe kasema nzima, na hawa hapa wamesikia!" Akapiga simu polisi. Ilikuwa saa nne kasoro robo. Wakati anafoka kwenye simu, binti yangu alitoa uzi kwenye mkoba, akaufunga kwenye ekseli ya nyuma ya ile ya kijivu, akaupitisha mbele chini ya usukani na kuurudisha nyuma upande wa pili. Akapima nafasi kati ya uzi na fremu, kulia na kushoto. Njia hiyo nilimfundisha mimi akiwa na miaka tisa. Askari walimkuta bado amepiga magoti. Akaniambia, "Baba, hii imenyooka. Rangi nitapaka mwenyewe." Nilikuwa nimeaibika mbele ya yadi nzima, na papo hapo nilijivunia mtoto yule kuliko siku yoyote tangu azaliwe.

Tulipofika hapa kituoni, binti yangu aliambiwa ailipe ile ya buluu au afunguliwe shauri la kuharibu mali. Akifunguliwa shauri, mashindano ndiyo basi. Saa sita mchana, nikiwa kwenye benchi la nje, muuzaji alikaa kando yangu akaninong'oneza, "Mzee, wewe nyamaza tu. Ulishasema ni nzima. Ukija kusema ulikosea, nani tena atakuletea baiskeli?" Nitasema ukweli kwamba nililifikiria neno lake, nikalifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyompasa baba.

Sasa nasema kama fundi. Ufa wa leo hauna vumbi ndani. Ule una vumbi jeusi na gundi iliyogeuka manjano, na ukingo wa stika umeacha mstari wa uchafu wa miezi mingi. Sarafu haiwezi kufanya hayo asubuhi moja. Baiskeli ipo hapo nyuma ya kaunta, koplo anaweza kutazama kwa macho yake. Magurudumu na gia zake zinauzika. Fremu ile haina thamani yoyote, na afadhali ikatwe asije akaipanda mtoto wa mtu. Niliposema ni nzima, nilikosea. Binti yangu hakukosea.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda, nami nimeyasema kwa hiari yangu bila kushurutishwa na mtu.

Saini ya shahidi: (ameweka saini)

Maelezo ya afisa: Nimeikagua fremu mbele ya mlalamikaji, vumbi na gundi vipo kama shahidi alivyoeleza. Mtuhumiwa ameachiwa saa tisa na dakika tano. Shahidi amesomewa maelezo haya kwa sauti, na mlalamikaji na watu waliokuwa kwenye foleni wakisikia. Ameomba rekebisho moja. Mwishoni niliandika "huenda nilikosea", kwa kutaka kumsitiri mzee. Amesema neno "huenda" litoke. Nimelikata kwa mstari mmoja, naye ameweka saini pembeni yake.