Niliishia 71

Shoga nimekwisha. Niko chooni hapa ukumbini.

Nimesimama kwenye harusi ya mdogo wangu, mwalimu mzima wa hesabu, nikasema ndoa yao ni kama 10,001. Namba tasa! Haigawanyiki!

Shangazi wa bwana harusi kaiuliza simu yake, kashika maiki: "Mwalimu, mbona inagawanyika? 73 mara 137."

INAGAWANYIKA. Mbele ya wakwe!

Na niliipima kwa mkono jamani, namba tasa moja baada ya nyingine. Nilipofika 71 nikachoka, nikaacha. Inayofuata ni 73!

Aibu ningeimeza. Ila bibi harusi kanifuata huku chooni: "Dada, si ulituhakikishia tangu uchumba? Tumeichonga hiyo namba ndani ya pete."

Amesimama hapa kwenye sinki. Kaivua, anaisoma. Hairudishi kidoleni.