Mnyama Uliyemlilia Akiwa Hai

Baba yangu, papa wangu wa maikrofoni,

Yule mnyama amerudi. Tonton Kambale, mjomba wa wote, ameleta sehemu ya pili ya filamu kutoka dukani kwake sokoni, ndani ya flashi ile ile nyekundu, na tangu hapo huku kwetu Tshopo hakuna habari nyingine. Watu wanabishana wakisubiri maji, wanabishana juu ya toleka, mwendesha baiskeli akigeuza shingo kumjibu abiria wake hadi karibu waangukie mtaroni. Wengine wanasema mnyama ameongezeka ukubwa ila hadithi imekonda. Hata kwenye simu nimesoma maoni ya watu wa nchi za mbali juu ya ile filamu ya kwanza, yetu: picha safi, kelele nyingi mno, wanadamu wamewekwa pale kujaza nafasi tu. Nilicheka kidogo, kisha nikaizima simu. Hao wote waliitazama bila wewe, kwa hiyo hawajui hata nusu yake.

Nisingekuandikia kwa ajili ya filamu peke yake. Wiki iliyopita nilikutana na Mama Véro, yule wa Yahuma anayeuza kwanga, mikate ya muhogo. Aliweka beseni lake chini, akanishika mkono, akaniuliza: "Béa, ile neno yangu ulifikisha kwa papa yako? Alisema nini?"

Papa, sikufikisha. Neno la mama huyo lilibaki kwenye daftari, na wewe ukaondoka bila kulisikia. Naandika ili nilifikishe leo, lakini siwezi kukupa lake nikayaficha tena yale mengine yaliyoandikwa pamoja nalo. Kwa hiyo nivumilie, nianze mbali kidogo.

Unakumbuka ulivyoianza kazi ile? Ulikuwa umechoka na baleinière, boti ile ya mbao, na miaka ya kushuka na kupanda mto kati ya Isangi na hapa ukiuza samaki wa kukaushwa. Kilichobaki mwilini ni sauti, ile sauti ya kuita wateja wa Yanonge wakiwa bado ng'ambo. Ukajenga salle ya video kwa mbao na mabati, ukaweka benchi, ukaziba madirisha kwa plastiki nyeusi ili mchana ugeuke giza. Filamu zilikuja kwa lugha za wenyewe, nawe ukakaa pembeni ya ukuta na maikrofoni, ukizieleza zote kwa lugha ya kwetu, hadi watu wakakuita papa Micro. Majenerali walilalamikia bei ya makayabu, samaki wa chumvi. Wachumba walisalimiana kama watu wa Yangambi. Mimi nilikuwa nakaa kizingitini nikiona aibu na fahari kwa pamoja.

Na ile sheria yako! "Hapa hakuna mutu anatoka bila kuacha neno." Filamu ikiisha, kila mmoja alipaswa kupita kwangu kwenye kigoda, aseme kaonaje, nami niandike kwenye daftari la jalada la buluu. Wengine walitaja neno moja wakakimbilia mvua. Wengine walinishika robo saa. Jumatatu asubuhi, juu ya chai, nilikusomea yote, nawe ulirekebisha: hapa ulieleza haraka, pale ulimsahau mke wa mfalme. Nilipokuwa nikiruka maoni ya watu wenye midomo mibaya, ulijua. "Soma na ile mubaya, mutoto yangu. Hiyo ndiyo kazi yetu, siyo kusifiwa." Siku moja mtu alisema unapiga kelele kama mnada wa mbuzi. Ulicheka mpaka chai ikakupalia, na Jumapili iliyofuata ukaupunguza mdomo.

Najikumbusha hilo kwa makusudi. Nisije nikajidai kwamba nilikudanganya kwa kuwa ulikuwa mtu wa kuumia upesi. Hukuwa hivyo.

Macho ndiyo yaliyotuharibia. Mtoto wa jicho alianza upande wa kushoto, akahamia wa kulia, nawe ukakataa kabisa kusikia habari ya daktari na kisu chake. Tangu mama atutoke tulikuwa wawili tu nyumbani, kwa hiyo siri ilikaa vizuri. Ulizijua hatua kutoka kitandani mpaka salle. Filamu za zamani ulizijua kwa masikio: huu ni mlango, huyu ni yule mwenye kofia, sasa anakufa. Watu waliendelea kucheka mahali pa kucheka. Ila filamu mpya ilihitaji macho yangu. Jumamosi niliitazama nyumbani kwenye kompyuta huku wewe umekaa nyuma yangu, nikikueleza kila kitu, na Jumapili baada ya misa ulisimama mbele ya watu kana kwamba umeiona mwenyewe. Tulifanya hivyo mwaka mzima na hakuna aliyetushtukia. Nakiri nilikuwa nafurahia ule ujanja wetu.

Kisha akaja mnyama. Nilikueleza anavyotoka baharini, maji yakimwagika mgongoni kama bwawa letu la Tshopo likifunguliwa, meli zinavyopinduka, askari wanavyokimbia. Ulisisimka, papa. Ulitaka kujua mkia una urefu gani, macho yana rangi gani, anapumuaje. Wanajeshi walimpiga na kila walichonacho mpaka akaanguka juu ya daraja, akalala, mji mzima ukanyamaza. Hapo ndipo niliposikia harufu ya kisamvu, pondu yetu, inaungua jikoni.

Niliinuka. Nilikwambia, "Nakuja." Nikaishusha sufuria, nikaongeza maji, nikakoroga. Niliporudi mnyama alikuwa wima, anavunja majumba. Ningeweza kurudisha nyuma. Ilikuwa kubonyeza mara mbili tu. Lakini njaa ilikuwa inaniuma, nikadhani huyo ni mwingine, nikakwambia: "Wa kwanza amekufa, papa. Sasa iko mwenzake, anakuja kulipiza." Ukauliza, "Amekufa kabisa?" Nikasema, "Kabisa."

Jumapili salle ilijaa kiasi. Mnyama alipoanguka juu ya daraja ulifanya jambo ambalo hukuwa umenidokezea. Ulishusha sauti na kuanza kumlilia. Matanga kamili, kama anavyoliliwa mkubwa wa ukoo. Ulimwita kwa majina uliyomtungia mwenyewe. Ulimuuliza nani atailinda bahari yake. Ulisema, "Balikukuta unatembea fasi yako, bakakuita mubaya. Lala, we mukubwa, hapa hakuna mama yako wa kukufunika." Wakati huo nyuma yako, kwenye ukuta, jicho la mnyama lilikuwa linafunguka. Akainuka. Akashika helikopta akaitafuna, na wewe bado unamfunika kwa maneno, taratibu. Watu walianza kucheka chinichini, kisha wakaangua kabisa. Wewe ulidhani kicheko ni cha vijana wasio na adabu, ukaendelea mpaka mwisho wa kilio chako.

Mlangoni niliandika kila neno. Jumatatu ukaketi na chai, ukasema, "Haya, alors? Balisema nini ya matanga?"

Nililitazama daftari, nikaona maneno yale, na juu ya maneno yale nikaiona sufuria yangu ya pondu. Ningekusomea, ungeniuliza: mnyama alikuwa hai? Ulikuwa wapi, Béa? Basi nikafunga macho mimi niliyekuwa nayo, nikatunga. Nilisema mmoja amesema hajawahi kusikia kilio kama kile. Nilisema mwingine ametaka urudie. Nilikuwa nasoma ukurasa ambao haupo. Uliukunjua uso kwa furaha kama mtu aliyepigwa na jua, ukasema, "Bon. Donc, basi, Jumapili ijayo narudilia, na naongeza."

Na mimi, papa, bado nilikuwa na siku sita za kukwambia.

Jumapili ile salle ilifurika kwa sababu habari zilikuwa zimesambaa kwamba kuna mzee anamzika mnyama aliye hai. Walikuja kucheka. Mnyama alianguka, ukaanza, na safari hii uliongeza ubeti mzima juu ya mto na samaki wake. Mara jicho likafunguka na mtu mmoja akapaza sauti kutoka benchi la nyuma: "Papa, ezali kotelema! Munyama anasimama! Hauoni?" Vicheko vikaja juu kama mvua kwenye bati. Uliukata ubeti katikati. Ukageuza kichwa kuelekea mlangoni, kwangu, na maikrofoni ikiwa bado mdomoni ukauliza kwa sauti yako ya nyumbani, ile ya chini tuliyoitumia sisi wawili tu: "Béa, anasimama?"

Salle nzima ilisikia. Kicheko kilikatika chote mara moja. Niliinamia daftari. Ningesema nini, mbele ya watu wote wale ambao sasa walijua kwamba huoni? Uliiweka maikrofoni chini polepole, ukaipapasa kuhakikisha imekaa, ukahesabu hatua zako mpaka nje. Filamu iliendelea kwa lugha yake, na watu walitoka mmoja mmoja bila kuacha neno. Siku ile sheria yako ilivunjwa na sikumzuia mtu.

Hukuniuliza kitu. Ungenigombeza ningepona. Ulikaa barazani mvua zote zile, kikohozi kikaja, kikashuka kifuani. Mara moja tu, siku chache kabla hujaondoka, ulinishika kidole ukasema: "Béa, ile siku ya kwanza, batu balisema nini kweli kweli?" Nami, mjinga mimi, nikasema, "Balipenda, papa." Ulisema, "Bon." Ukageukia ukuta. Ile "bon", ile "vema" yako ya Kifaransa, naisikia nikiosha vyombo, naisikia nikiwa kanisani. Najua ulijua. Ulikuwa unanifungulia mlango niingie, nami nikaurudishia.

Basi leo nasoma daftari, ukurasa wenyewe, kama ulivyoandikwa. Kaa sawasawa.

Tonton Kambale: "Filamu iko kali, lakini muzee ameichanganya. Mimi ndiye nilimuletea, inaniuma."

Mwanafunzi mmoja mwenye miwani: "Mnyama hajafa. Mwenye kueleza ajifunze kutazama."

Fundi wa baiskeli: "Nimecheka mpaka tumbo inauma. Siyo filamu, ni papa Micro."

Mke wa fundi: "Siyo vizuri kucheka. Lakini na miye nilicheka."

Kijana asiyetaka jina: "Muzee ameisha. Apumuzike."

Yote ni mabaya, naam, ila si mabaya kuliko yale ya mnada wa mbuzi. Ungekunywa chai yako. Ungesema, "Donc munyama hakufa? Na wewe ulikuwa wapi?" Ningekwambia nilikuwa jikoni. Ungenitania juu ya pondu ile mwaka mzima, na Jumapili ya pili ungeligeuza kosa kuwa kitu kingine, maana ulikuwa na akili hiyo. Pengine ungemfufua mwenyewe katikati ya kilio na watu wangepiga makofi. Sina njia ya kujua sasa. Niliyafunika mabaya yote na kumbe chini yake nimelifunika na jema moja, la kweli, lililokuwa mwisho wa ukurasa kwa sababu mwenyewe alitoka wa mwisho.

Mama Véro aliingia salle siku ile kwa kukimbia mvua na beseni lake la kwanga. Hakuwa mtu wa filamu. Alikaa benchi la mwisho kabisa. Watu wote walipokuwa wamekwisha kutoka, alisimama mbele ya kigoda changu, macho mekundu, akanisubiri nifungue kalamu. Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza na sikupunguza:

"Miye ile munyama sikumuona. Nilifunga macho. Bwana yangu alikwendaka Opala kutafuta kazi, akafia kule, bakamuzika mbele habari inifikie. Hakuna mutu alimulilia, hata miye nilikosa fasi ya kuanzia. Leo papa yako alianza, na miye nikafuata. Mwambie aksanti. Mwambie asiache."

Hilo ndilo neno lake, papa. Lilikuwa lako tangu Jumatatu ile, na chai ilikuwa bado ya moto.

Sokoni, Mama Véro aliponiuliza ulisema nini, nilishindwa hata kudanganya, na uongo naujua. Nilimwambia sikukupa. Aliuachia mkono wangu, akainama, akalibeba beseni lake, akaenda zake. Sehemu ya pili ya filamu sijaitazama. Salle sasa inahifadhi mifuko ya saruji, na maikrofoni iko kabatini pamoja na daftari. Jumapili hii baada ya misa nitakuja kaburini, pale ulipolala, nikusomee ukurasa huu kwa sauti, tangu Kambale mpaka Mama Véro, nisiruke hata mmoja. Nimechelewa, papa. Lakini ulisema hakuna anayetoka bila neno, na wewe ulitoka bila lako.

Ni mimi, mtoto wako wa mlangoni.