Kabla Hujalala Chini ya Leza

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako na za watoto. Sisi ni wazima. Mimi nanuka hamira kama kawaida. Nawe u hali gani? Wifi yangu mgongo umempoa? Na hilo lori linapanda vilima bila kukutia aibu?

Pongezi zako zimenifikia. Umesema sasa naona kama mwewe, nawe mwezi huu utanifuata kufanyiwa leza ya macho, na kianzio umeshalipa. Kabla hujanifuata, soma barua hii mpaka mwisho.

Unajua miwani ilivyonitesa. Kila nikifungua tanuri inaingia ukungu, natoa mikate kwa kupapasa. Basi nikaenda kwenye ile kliniki yako ya nusu bei. Bwana mmoja wa tai nyekundu akanisomesha herufi ukutani, akanimulika kidogo, akasema nafaa kabisa, ila nilipe kianzio papo hapo maana bei inapanda. Nikamuuliza daktari wangu ni nani. Akajibu nitamwona siku ya kazi yenyewe. Nikauliza kama bei hiyo ina matone na kurudi kuangaliwa. Hayo, akasema, tutaongea baadaye. Nikachukua mkoba wangu. Mimi hata keki ya harusi siiuzi bila mteja kujua nani anaioka, sembuse macho!

Nikaenda hospitali kwa daktari wa macho, mama mmoja wa maneno machache. Bei yake ilinikalisha kabla sijakaribishwa kiti. Lakini alinieleza inanunua nini: vipimo, mashine, matone, kuangaliwa mwaka mzima, na marekebisho yakihitajika. Akapima unene wa kioo cha mbele cha jicho, akapiga picha ya umbo lake. Akauliza kama nafikicha macho na kama nabadili miwani mara kwa mara. Kisha akanigeuzia ile picha niione.

Mdogo wangu, sikufanyiwa leza. Daktari alikataa. Aliniambia, "Kioo chako ni chembamba na kimeanza kuchomoza. Leza itakipunguza zaidi. Nikikufanyia, nitakuwa nimekuharibia."

Badala yake alikiimarisha kwa matone na mwanga maalumu, akanipa lenzi ngumu za kuvaa jichoni. Sasa natoa mikate nikiiona. Niliwaacha mfurahie leza ambayo haikuwepo kwa sababu nilitaka kwanza nijue kama jicho limetulia. Jana amenipima tena. Limetulia.

Halafu akaniuliza kama nina ndugu wa damu, kwa kuwa tatizo hili hupita katika familia. Nikakuona wewe papo hapo: unavyofikicha macho tangu utoto, miwani mipya kila mara, na unavyolalamika kuwa taa za magari usiku zina mikia.

Kianzio ulichomlipa bwana wa tai, kiache kipotee. Nimekuwekea nafasi kwa daktari wangu Jumatano asubuhi. Akikuta macho yako yanafaa, ufanyiwe leza hapo hapo kwake na gharama tutasaidiana. Akikuta kama yangu, utakuwa na mtu wa kukuonyesha namna ya kuvaa lenzi bila kutukana.

Msalimie sana wifi, na umwonyeshe barua hii, maana najua wewe utaificha. Jumatano nitakuwa mlangoni pa hospitali. Usipokuja, nafunga tanuri nakuja kukuchukua mwenyewe.

Ni mimi, dada yako akupendaye,
Mama Mikate