Ukurasa wa Thelathini na Moja

Glen Huon,
Tasmania.
14 Mei

Mpendwa shemeji Lindsay,

Salamu nyingi zikufikie huko kaskazini kwenye joto lenu. Hujambo? Mgongo unasemaje siku hizi? Na binti yako Janelle, hajambo yeye na watoto wake? Mara ya mwisho nilipowaona kwenye picha, yule mkubwa alikuwa kibogoyo wa meno ya mbele. Sasa nadhani ananyoa ndevu. Sisi huku tupo. Ningesema hatujambo, lakini nimezeeka mno kuanza kuandika uongo kwenye barua.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Kadi za Krismasi hazihesabiki, na hata hizo naziandika kwa jina langu peke yangu, kwa sababu unazozijua. Basi bandika maji ya chai, ukae, usome mpaka mwisho. Usiikunje katikati.

Majani yanapukutika. Ile miti mirefu kando ya mto imegeuka njano yote, na mingine imeshabaki fito tupu. Ukungu hautoki bondeni mpaka saa nne asubuhi. Matufaha ya ule mti wa nyuma ya jikoni yameozea juu, ndege wanayadonoa wapendavyo, maana mwaka huu hapakuwa na mtu wa kupanda ngazi.

Ndani ya nyumba kuna baridi kuliko unavyoikumbuka. Jiko la kuni la sebuleni hatuliwashi tena. Kuni zipo, kaka yako Athol alizipasua mwenyewe mwaka juzi akazipanga bandani kama vitabu, lakini moshi kidogo tu unamziba kifua. Tunaota hita ya umeme inayopasha vifundo vya miguu na kutuachia baridi sehemu zote zilizobaki.

Na hapo ndipo ilipo habari yenyewe, shemeji. Mapafu ya kaka yako yamekwisha. Tangu mwezi wa pili anatumia mashine ya oksijeni, inanguruma kutwa pembeni ya kiti chake. Daktari alinivuta kando akaniambia nisipange mambo yoyote ya Septemba. Alisema kwa upole, lakini alisema. Athol hajaambiwa na hajauliza, ila wiki iliyofuata aliniambia nisijisumbue kupanda yale maua yanayochanua Septemba, eti kwa ajili ya magoti yangu. Sidhani kama alikuwa anayawaza magoti yangu.

Siku zetu zinafanana. Asubuhi uji, kisha kitabu mpaka mchana, kisha analala kidogo, halafu saa kumi na moja jioni tunafungua runinga tuangalie chemsha bongo. Unakumbuka alivyokuwa akipiga kelele za majibu kabla mtangazaji hajamaliza swali, na wewe ukimbishia? Sasa hana pumzi ya kupiga kelele. Akijua jibu ananyanyua kidole, basi. Mimi najibu kwa niaba yake, nakosea, naye anatikisa kichwa kunionea huruma. Kiti chako cha kijani bado kiko upande wa dirisha. Paka alijaribu kukizoea, akafukuzwa.

Mpira wa Jumamosi haukuwahi kufunguliwa katika nyumba hii kwa miaka kumi na mmoja. Wewe na mimi tunajua ni kwa nini, lakini leo nitaliandika, maana limetuozesha vya kutosha. Siku ile ya fainali ulikuwa hospitalini na mama yenu. Ulipiga simu mara mbili robo ya nne na ya mwisho ikichezwa. Athol alidhani ni wale wauza bima wanaosumbua watu wikiendi, akaiacha iite. Mimi nilikuwa nje naanika nguo. Alipoipokea ya tatu, mama alikuwa ameshakata roho. Na siku ya mazishi, alipokuja kukushika mkono mbele ya watu wote, ukawageukia waombolezaji ukasema, "Muulizeni matokeo yalikuwa ngapi kwa ngapi."

Sikulaumu, Lindsay. Ulikaa peke yako ukimsikiliza mama yako akivuta pumzi za mwisho, na mtu aliyetoka kwenye hilo ana haki ya kusema neno chungu. Lakini neno lako hilo nimeishi nalo mimi. Wewe ulihama kabla ya Krismasi ukaliacha sebuleni kwangu. Kila Jumamosi saa nane mchana kaka yako hukaa mbele ya runinga iliyozimwa, akitazama kioo cheusi mpaka mechi nchi nzima ziishe. Nilimwambia mara moja kwamba kwa kukaa hivyo hamrudishi mtu. Siku tatu nzima hakuniuliza hata chumvi ilipo.

Sasa niingie kwenye vitabu, maana ndivyo vilivyonifanya nishike kalamu.

Umeisahau ile alama yako? Wazee wa maktaba yetu bado wanaendelea na mchezo ule ule, ingawa bango ukutani linasema ni marufuku kuandika ndani ya vitabu. Kila mmoja akimaliza kitabu anachora alama yake ndogo kwa penseli, asije akakiazima tena kwa kusahau. Mjane wa mwoka mikate anachora nyota. Ninyi wawili mlichora kwenye ukurasa wa thelathini na moja, namba ya nyumba ya mama yenu: Athol mistari miwili iliyolala, wewe pembetatu.

Tangu mwaka jana miguu ya Athol haifiki maktaba, kwa hiyo naenda mimi kila Alhamisi. Mara ya kwanza aliniagiza hadithi za upelelezi za maandishi makubwa, akaongeza kwamba kabla sijachukua nifungue ukurasa wa thelathini na moja. Hakusema zaidi. Mimi nikaelewa nilivyoelewa: chenye mistari miwili ameshakisoma, na chenye pembetatu hataki hata kukigusa, kwa jinsi alivyokuchukia. Basi kila nilipokutana na pembetatu nilikirudisha rafuni. Miezi mitatu nilimletea vitabu vilivyo safi kabisa, naye akivirudisha vikiwa vimesomwa kurasa kumi tu, uso umemwiva kama mtu aliyenyimwa chakula. Nikadhani ni ugonjwa.

Siku moja mwezi wa tatu nilikuwa na haraka, mvua inanyesha, nikabeba vitatu bila kuvifungua. Kimojawapo kilikuwa na pembetatu yako. Shemeji, siku ile hakulala mchana. Chemsha bongo ilifika ikapita, runinga haikufunguliwa. Supu ya maboga ilipoa mapajani pake. Nilipokwenda kuchukua bakuli nikaona amefungua ukurasa ule ule, kidole gumba kimekaa juu ya pembetatu, kimetulia. Ndipo nilipojiona mjinga. Miaka yote hiyo mtu huyu alikuwa anaazima vitabu ulivyovisoma wewe, kimoja baada ya kingine. Sijui alikuwa anakutafutia nini humo. Pengine alitaka tu kukaa mahali ulipowahi kukaa.

Sikumwambia kwamba nimeona. Nilianza tu kumletea vya pembetatu, akarudi kula. Lakini wewe umeondoka muda mrefu na vitabu havidumu. Trudi, yule mkutubi, aliniambia vingi vya zamani vilishachakaa vikaondolewa, na vilivyobaki Athol amevisoma, vingine mara mbili. Wiki ya pili ya Aprili nilifungua rafu nzima nisipate pembetatu hata moja mpya. Nilisimama pale nikalia, mwanamke mzima, nimeegemea vitabu vya mapishi.

Halafu nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Nilitoa penseli kwenye mkoba, nikageuza mgongo, nikachora pembetatu. Miaka sabini na nne sijaiba hata pipi, na sasa naghushi alama ya shemeji yangu. Trudi akapita nyuma yangu akauliza, "Mama Noeline, huo ukurasa una nini hasa?" Nikamwambia naangalia kama maandishi yananitosha. Nilichora saba kwa jumla. Saba, Lindsay, vitabu ambavyo hujawahi kuvishika.

Athol alivisoma vyote, nami nikajisifu kimoyomoyo kuwa mjanja. Kumbe.

Jumatatu ya wiki iliyopita alimaliza cha saba, hadithi ya mauaji kwenye zizi la farasi wa mashindano. Alikifunga, akanitazama sana, kisha akasema, akipumzika kila maneno mawili matatu:

"Bibi wewe, mdogo wangu hajasoma kitabu chenye farasi tangu farasi wa mzee Pybus alipomtupa kwenye matope."

Nikakosa pa kuuweka uso. Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu cha kwanza, kwa sababu pembetatu zako wewe huwa zimelala upande kama kibanda kinachotaka kuanguka, na zangu zimesimama wima kama mwalimu wa shule. Nikamuuliza kwa nini basi ameendelea kuvisoma. Akasema nilikuwa nimejitaabisha, na tena, pembetatu ni pembetatu.

Kisha akaomba penseli. Ilimchukua muda kuishika sawasawa. Akafungua ukurasa wa thelathini na moja akachora mistari yake miwili chini ya pembetatu yangu ya uongo, akanikabidhi kitabu.

"Mwambie mdogo wangu hiki kibaya," akasema. "Muuaji ni mtunza farasi. Asijisumbue."

Lindsay, kwa miaka kumi na mmoja amekuita "yule wa kaskazini", tena pale tu alipolazimika. Siku hiyo alikuita mdogo wangu mara mbili ndani ya saa moja, na akakuharibia mwisho wa hadithi kama zamani. Nilikwenda jikoni nikafungulia bomba la maji ili asinisikie.

Sasa nimekufikishia ujumbe, kama nilivyotumwa. Hakunituma zaidi ya hapo, na hatanituma. Unamjua, na wewe mwenyewe ni tawi la mti huo huo. Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nimelima miaka kumi na mmoja, mikono imeota sugu. Njoo basi. Njoo kabla theluji haijashuka mlimani, angali anaweza kunyanyua kidole. Mimi ndiye ninayekuomba, yeye hajui kwamba nakuandikia.

Kitabu chenyewe utakikuta ndani ya bahasha hii. Ni cha maktaba, na mwisho wa kukirudisha ni tarehe 11 Juni, muhuri uko nyuma. Sina ruhusa ya kukitoa nje ya kisiwa hiki, lakini kwa mtu mwenye pembetatu saba shingoni, dhambi ya nane haina uzito. Nimemwambia Trudi kitarudishwa na mtu mwingine, kwa mkono wake.

Kuna jambo moja limebaki. Jumamosi iliyopita, siku tano baada ya habari ya kitabu, Athol alichukua rimoti akafungua mpira. Nilikuwa nafuma, nikaendelea kufuma. Hakushangilia wala kulaumu, alitazama tu. Robo ya mwisho ilipoanza akaniambia nimletee simu. Nikamuuliza anataka kumpigia nani, akasema hampigii mtu. Akaiweka magotini, akaishika kwa mikono miwili mpaka king'ora cha mwisho kilipolia. Halafu akazima runinga na kuniambia niirudishe simu mahali pake.

Nisalimie sana Janelle, mwambie sijasahau kwamba aliniahidi picha ya harusi. Wabusu watoto kwa niaba ya bibi yao wa baridini. Jirani yetu Dulcie anakusalimu, anasema bado una ngazi yake. Mungu akupe afya, akupe usingizi, na akulainishe moyo pale mimi nilipouparuza kwa barua hii.

Na kama safari ni ngumu, au mgongo haukuruhusu, au huna la kusema ukifika, basi piga simu. Jumamosi yoyote, saa kumi alasiri, mpira ukiwa kwenye robo ya mwisho. Safari hii atapokea.

Shemeji yako akupendaye siku zote,
Noeline